Sakafu ya Nyuma ya Nyumba ya Mzee Mhina

Wadogo zangu mlio saiti,

Mkipita dukani kwa shemeji yangu hapa Korogwe mkanikuta nauza misumari na mabomba, mnanitania kwamba nimekuwa bosi. Sijawa bosi. Nimestaafu. Salimu analicheka sana hilo neno, anauliza mstaafu gani hana hata unywele mmoja mweupe. Lakini mimi naona mtu akiacha kazi kwa sababu mwili umegoma, huyo kastaafu, awe na mvi au awe na ndevu nyeusi kama zangu. Mwili wangu uligoma mikononi. Saruji ilinila ngozi, vidole vikawa vinapasuka na kutoa maji, ikafika mahali hata kitasa cha mlango nafungua kwa kiwiko. Daktari akaniambia nichague, mikono au saruji. Nilimjibu vibaya nikaondoka. Wiki iliyofuata nikarudi kumwomba radhi, mikono nimeificha mifukoni kama mwizi.

Mmeniomba niwaambie mambo ya kazi. Nyie mnataka kujua nani analipa vizuri, na hilo mimi sijui, kwa hiyo nitawaambia mengine.

Nilianzia Mombo, na sikuanza na mwiko. Nilikuwa nauza mayai ya kuchemsha kwa abiria wa mabasi. Basi likisimama mnakimbia wote, unainua ndoo juu dirishani, unapiga kelele kuliko mwenzako. Kelele nilikuwa nazo, mayai ndiyo yalikuwa yanabaki. Karibu na pale tunaposimama palikuwa na jamaa mmoja anajenga ukuta wa kibanda cha chakula. Msambaa, mrefu, ana jicho moja. Lile jingine liliungua na chokaa akiwa kijana. Sasa huyo mtu alikuwa anachota udongo kwa mwiko, anautupa kwenye tofali, unatua na kujilaza wenyewe. Hausogezi. Nikakaa namwangalia mpaka mabasi yakapita, wenzangu wakauza, mimi ndoo imejaa. Nikamfuata nikamwambia, "Kaka, hiyo na mimi naweza."

Hakugeuka. Akasema, "Karai lile pale."

Siku hiyo nilichanganya udongo wa kwanza maishani mwangu. Nikamletea. Akauchungulia kwa lile jicho lake, akaniuliza, "Umepika uji. Mgonjwa ni nani?"

Huyo ndiye Salimu. Sijawahi kufanya kazi na fundi mwingine, na mtu akimsema vibaya mbele yangu mpaka leo ajue anatafuta nini.

Darasa la ufundi sikukaa hata siku moja. Nilijifunza kwa kubomoa. Kila tulipopewa kazi ya kung'oa sakafu ya zamani, wenzangu walikuwa wanapiga nyundo ili waimalize, mimi napiga taratibu nione aliyeijenga alifanyaje. Chini kaweka mawe au kaweka mchanga mtupu? Kwa nini imepasuka hapa na pale haijapasuka? Sakafu mbovu ina mafundisho mengi kuliko nzuri, kwa sababu nzuri haikuonyeshi kitu, inalala tu. Tulizunguka Korogwe yote hiyo, tukapanda Mashewa, tukashuka tena. Tukaja kujulikana kwa sakafu za nje, zile za bustanini, za watu kukaa jioni na viti vyao. Kazi ya sakafu ya nje ina adui mmoja tu, maji. Ya ndani ukikosea, mwenye nyumba ataweka zulia. Ya nje ukikosea, mvua ya kwanza inakwenda kukusema kwa mtaa mzima.

Chombo chetu kikubwa kilikuwa mpira. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, unaujaza maji, mmoja anashika ncha hii na mwingine ile. Maji yatasimama usawa mmoja pande zote mbili, utake usitake. Pimamaji tulikuwa nayo, lakini pimamaji ikianguka mara mbili inaanza uongo, na haikwambii kwamba imeanza. Maji hayajui bosi nani wala fundi nani. Salimu alikuwa anaamini ule mpira kuliko ndugu zake.

Nitawapa kisa kimoja cha Masuguru, halafu niende kwenye ile kazi ninayotaka kuwaambia. Tulimtengenezea bwana mmoja sakafu ya mawe pembeni ya maua yake. Tumemaliza, nzuri, ina mteremko kidogo wa kupeleka maji kwenye migomba. Yule bwana akaja na wageni wake, akaona ule mteremko, akasema imekaa upande. Salimu akaanza kumweleza kwa upole kwamba maji lazima yapate pa kwenda. Yule bwana akawageukia wageni, akasema, "Ndiyo shida ya kuchukua fundi chongo. Levo ataionea wapi?" Wakacheka.

Mimi nikachukua mtaimbo nikaanza kung'oa. Jiwe la kwanza, la pili, nayapanga pembeni vizuri kabisa, maana mawe hayakuwa na kosa. Yule bwana anaita majina ya watu wakubwa anaowajua, mimi nang'oa. Salimu akaniacha mpaka mkono ukachoka, akaja akaninong'oneza, "Umemaliza? Sasa yarudishe." Nikayarudisha yote. Njiani nikamuuliza kwa nini hakukasirika. Akasema, "Anayenitukana jicho simjali. Anayenichosha ni yule wa kunipa pole kila asubuhi. Miaka yote hii, jicho lilishapona, pole haziponi." Nikaona ni maneno ya mtu aliyechoka na jua. Nikayaacha hapo.

Sasa twende Handeni.

Wakati huo mikono yangu ilikuwa imeshaharibika, na Salimu alikuwa ananificha kazi za saruji. Akija mtu wa zege, anasema tumejaa. Ndipo akapiga simu mama mmoja wa Handeni, Bi Mwantumu, aliyepata habari zetu kwa binti yake aliyeolewa Korogwe. Alitaka sakafu ya nje, na alisema mapema kwamba hela hana. Aliuza mbuzi, na mbuzi mwenyewe hakuwa mnene. Salimu akafurahi. Akaniambia, "Hii inatufaa. Hela ya saruji hana, na wewe saruji huiwezi. Tutapanga mawe makavu, juu ya moramu, ule udongo mwekundu wa kokoto, na mchanga, tushindilie. Utaifanya kazi yote kwa mikono yako." Hakusema kwamba ni ya mwisho. Wote tulijua.

Tukafika. Nyumba ya bati, ukuta wa tofali za kuchoma, barabara inapita mbele kabisa, watu wengi, bodaboda, wanafunzi, wachungaji na ng'ombe wao. Bi Mwantumu alikuwa amekwenda sokoni. Tukaona tusipoteze muda, tukapiga vigingi na kuvuta kamba pale mbele ya nyumba, chini ya dirisha. Mnajua wenyewe, hapa kwetu ukisema mtu anataka pa kukaa nje, ni mbele. Nani anajenga baraza asionekane? Baraza ni kuangalia barabara na barabara ikuangalie.

Akarudi na kikapu chake kichwani, mama mfupi, mnene kiasi, khanga kiunoni. Tukamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia marahaba, akaitazama kamba, akasema, "Nilisema nyuma."

Nikamwambia nyuma kuna mapapai, mchicha na banda la kuku, na upepo mzuri uko mbele. Akasema nyuma. Nikamwambia bibi, sisi ndio mafundi. Sauti yangu ilishaanza kupanda. Akanikagua kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili, akauliza, "Wewe kabila gani mwenye makelele hivi?"

"Mnyamwezi. Babu alikuja kukata mkonge."

Uso wote ukafunguka. "Mtani wangu. Kumbe ndiyo maana. Babu yako alibeba mizigo ya watu toka Tabora mpaka pwani, wewe unashindwa kubeba kamba toka mbele mpaka nyuma?"

Hapo nilikuwa nimekwisha. Mnajua utani wa Wazigua na Wanyamwezi, mtani akikutukana huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika unaaibisha ukoo. Kwa mtu kama mimi hiyo ni adhabu. Salimu aligeukia ukutani anacheka, na Bi Mwantumu akamwambia, "Wewe Msambaa ni ndugu yangu, nitakupikia. Huyu atakula atakachookota."

Wakati tunang'oa vigingi, mama mmoja akapita barabarani, akasimama akaita kwa kuelekea dirishani, "Mzee Mhina, pole jamani, mguu unaendeleaje?" Ndani hakujibu mtu. Hajafika mbali, kijana wa bodaboda akapunguza mwendo, "Mzee wetu, pole sana." Halafu mzee wa kanzu, naye pole, naye kasimama anasubiri jibu kama adabu inavyotaka. Tukasikia dirisha linafungwa kutoka ndani. Taratibu, kama mtu anayefunga asionekane anafunga.

Bi Mwantumu akatushushia sauti. Ndiyo tukajua. Mume wake alikuwa mnadi wa ng'ombe. Minada yote ya upande ule, yeye ndiye aliyekuwa anasimama juu ya kreti, anataja bei, anamsifu ng'ombe mpaka ng'ombe mwenyewe anashangaa. Wamasai wanamjua, wachinjaji wanamjua, hata watoto. Halafu sukari ikampata, kidonda hakikupona, akakatwa mguu chini ya goti. Tangu arudishwe kutoka hospitali hajatoka nje ya nyumba. Chakula chumbani, kuoga humo humo. Magongo alinunuliwa, yamesimama pembeni ya kabati na vumbi lake.

"Anayemjua ni kila mtu," akasema Bi Mwantumu. "Na kila mtu ana pole yake. Akitoka hapo mbele, mpaka jua linazama anaitikia pole. Nimeona bora atengenezewe nyuma. Akiona pazuri labda atatoka. Asipotoka, huyu mtu ataniozea ndani, na mimi namwona."

Salimu akainama akaanza kukunja kamba. Nikakumbuka yale maneno yake ya njia ya Masuguru. Akasema tu, "Nyuma, mama. Tumeelewa."

Kazi ya sakafu kavu ni hivi, kwa wale wasioijua. Unachimba mpaka udongo mlaini wote uishe. Unamwaga moramu, unamwagia maji, unashindilia kwa gogo mpaka gogo linakurudisha juu. Halafu mchanga kidogo wa kulalia, halafu jiwe. Jiwe lazima ulisikilize. Ukiligonga kwa mpini wa nyundo likatoa sauti ya ngoma, chini kuna uwazi, litoe. Likitoa sauti ya meza, limekaa. Mawe tulichota vilimani, mawe bapa, tukakodi toyo moja, pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, safari chache, kwa sababu mbuzi hakuruhusu nyingi. Mengine tulipata kwa majirani waliokuwa wanayaona kero shambani. Mpaka vipande vya msingi wa choo cha zamani tulitumia, tukavigeuza upande mzuri juu. Na ninyi mkiwa na mteja hana hela, msimwambie haiwezekani. Zungukeni kwanza uwanja wake mwone anatupa nini.

Chumba cha Mzee Mhina kilikuwa na dirisha la pili, linaangalia huko huko nyuma. Pazia halifunguliwi. Siku ya kwanza hatukusikia kitu isipokuwa kikohozi. Siku ya pili nilikuwa napasua jiwe gumu, napiga, linakataa, napiga. Sauti ikatoka nyuma ya pazia, nzito, sauti ya mtu aliyezoea kusikika:

"Nyie mnaponda mawe au mnaponda kichwa changu?"

Ilikuwa mchana, jua kali, mikono inaniwasha, na jiwe limenishinda. Neno likatoka kabla sijalipima. Nikasema, "Mzee Mhina, mimi ni mtani wako Mnyamwezi. Nimesikia wewe mnadi umeuza mpaka mguu wako. Hela umeficha wapi, na sisi watani hatujaletewa hata supu?"

Salimu aliachia nyundo. Bi Mwantumu alikuwa kwenye mlango wa nyuma na ungo wa maharage, akaganda. Kuku tu ndio waliendelea na mambo yao. Nilitamani ardhi ile niliyoishindilia ifunguke, lakini nilikuwa nimeishindilia vizuri.

Pazia likasogea kidole kimoja.

"Nilitaka kuwauzia Wanyamwezi," akasema. "Nikakumbuka nyie mnalipa kwa viazi vikavu."

Bi Mwantumu alikaa chini pale pale kizingitini, akajifunika uso kwa ncha ya khanga. Mabega yanatikisika, sijui analia, sijui anacheka. Mimi nikainama nikaendelea na jiwe langu, na jiwe, mtaniamini msiniamini, likapasuka.

Kuanzia hapo hatukuwa na amani. Pazia likawa linafunguliwa asubuhi na mapema, mzee kaegemea dirisha na singlendi yake, anatupigia mnada. Yaani mimi ndiye ng'ombe. "Haya wateja, tuna Mnyamwezi mmoja hapa, mfupi, meno yote yapo, mdomo unafanya kazi kuliko mikono. Nani ananitajia? Hakuna? Tumuongezee Msambaa na ndoo." Salimu anaitikia bei ya chini kabisa. Namwambia mzee, wewe nakuona unatafuta hela ya kununua ndala moja, maana ya pili huihitaji. Ananijibu kwamba ya pili atanipa mimi, nilivyo maskini. Nimetukanwa kazini na watu wengi, na wengi walijuta. Yule mzee alinitukana wiki nzima na kila jioni tulipokuwa tunafunga vifaa nilikuwa naona siku imekuwa fupi.

Lakini hakutoka. Bi Mwantumu alikuwa anatazama ule mlango kama mtu anayesubiri basi. Utani wa dirishani ni mzuri, ila dirisha si mlango.

Tukamaliza kupanga mawe. Tukamwaga mchanga kwenye mianya, tukafagia. Ilikuwa nzuri, nasema ukweli. Imeanzia kizingitini, inakwenda mpaka kwenye mapapai, ina mteremko wake mdogo wa kupeleka maji kwenye mchicha, tumepima kwa mpira kila upande. Kile kingazi cha kizingitini tulikitoa, tukainua sakafu ikakutana na mlango usawa. Salimu akasema tumemaliza. Nikasema bado, hebu nipeni yale magongo.

Bi Mwantumu akaniletea, kayafuta vumbi. Nikakunja mguu mmoja, nikayatia kwapani, nikatoka mlangoni kama mzee mwenyewe. Hatua kadhaa nzuri. Halafu gongo la kushoto likaingia kwenye mwanya kati ya mawe mawili, mchanga ukalimeza, mimi nikaenda chini na kiwiko kwenye banda la kuku.

Dirishani kukawa na kicheko cha kupasua mbavu. "Anatembea kama ng'ombe aliyeshushwa kwenye lori." Nikawa nimelala pale nasubiri aendelee, maana alikuwa na haki. Hakuendelea. Akauliza kwa sauti nyingine, sauti ambayo haikuwa na mnada ndani yake:

"Gongo limeingia wapi?"

"Kwenye mwanya, mzee."

"Mchanga haukulizuia?"

"Haukulizuia."

"Basi na langu litaingia humo humo," akasema, na akashusha pazia.

Salimu alinitazama, nikamtazama. Mtu asiyefikiria kutoka hawezi kuuliza gongo limeingia wapi. Bi Mwantumu naye alisikia. Alishika lile gongo lililoanguka, akalisafisha ncha kwa khanga, polepole sana.

Mchanga wote tukautoa kwenye mianya kwa vijiti. Lakini mianya ya kuziba inataka saruji, na ile hela ya mbuzi ilikuwa inatosha mfuko mmoja, na sakafu ile ingekula zaidi. Nikawaza, nikazunguka uwanja kama nilivyowaambia ninyi. Nyuma ya choo palikuwa na kichuguu kikubwa, kile cha mchwa, kigumu kama chungu. Bibi zetu walikuwa wanasiriba nyumba kwa udongo huo, hamjaona? Unausaga, unauchekecha, unauloweka kidogo, unaugandamiza, ukikauka sindano haiingii. Ukiuongezea saruji kidogo tu hata mvua inauheshimu. Bi Mwantumu akaanza kuuponda kwenye kinu chake cha mahindi. Nikamwambia bibi, kinu utakiharibu. Akasema, "Kinu ni changu na mume ni wangu. Mnyamwezi chekecha."

Ilipofika kwenye saruji Salimu akanizuia. Nikamwambia hii ni kazi yangu, uliniahidi naifanya yote kwa mikono yangu. Akasema kaa pale. Nikasema sikai. Tukabishana mpaka majirani wakachungulia ua. Mwisho akaniambia, bila kupandisha sauti, "Mihambo, nina jicho moja kwa sababu nilikuwa mbishi siku moja. Kaa pale." Nikakaa. Alikoroga yeye, akajaza mianya yeye, anapiga magoti kutoka jiwe hadi jiwe. Mimi nilimwagia maji kwa kopo na kuangalia. Kama kuna kitu kigumu nimefanya katika ufundi wangu wote ni kile cha kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumwangalia rafiki yangu anamalizia kazi yangu ya mwisho.

Tukaiacha ikauke, tukailoweka, tukaiacha tena. Bi Mwantumu alilaza magunia juu yake kama anamfunika mtoto. Siku tuliyorudi kuyaondoa magunia nilitembea tena na yale magongo, kutoka mlangoni mpaka kwenye mapapai na kurudi. Hayakuingia popote. Dirisha lilikuwa wazi na pazia limefunguliwa, lakini mzee hakunitania. Nikayaegemeza magongo mlangoni kwa ndani. Bi Mwantumu akatoa kiti cha kamba, akakiweka kwenye kivuli cha papai, akaingia jikoni kuangalia maharage. Hakumwita mume wake. Hakuna aliyemwita.

Tulikuwa tunaosha vifaa tuliposikia ndani kitanda kinalia. Halafu mbao ya gongo kwenye sakafu ya ndani.

"Geukeni," ikasema sauti ya mzee. "Wote. Na wewe, mtani."

Tukageuka. Salimu akaangalia banda la kuku, mimi nikaangalia ua wa minyaa, mkono wangu umeshika mwiko wenye maji. Sina mazoea ya kunyamaza, wala ya kugeuza mgongo. Nilinyamaza. Gongo likagonga jiwe la kwanza pale mlangoni, na lilitoa sauti ya meza. La pili. Likasita. Nikawa nalijua kila jiwe analolifikia, lile la mlimani, lile la shamba la jirani, kile kipande cha msingi wa choo. Kwenye jiwe kubwa la katikati alisimama muda mrefu, pumzi tunaisikia, na vidole vya Salimu vilikuwa vimenishika nyuma ya shati kabisa, kwa sababu alijua nitageuka. Gongo likaendelea. Kiti cha kamba kikalia kwa uzito.

Hakukuwa na pole. Barabarani mbele ya nyumba tulisikia mtu anapita anaita, "Mzee Mhina, pole," analiita lile dirisha la mbele, na hakuna aliyekuwapo wa kumjibu.

"Mwantumu," akaita mzee.

"Abee." Sauti ilitoka mlangoni. Sijui alikuwa kasimama pale tangu lini.

"Njoo ukae."

"Maharage yako jikoni."

"Yaungue."

Tukasikia kiti cha pili kinaburutwa, kiko kimoja kibovu cha plastiki, nakijua sauti yake. Kikawekwa karibu na kile cha kwanza.

Salimu akanivuta shati. Tulichukua ndoo na mpira, tukatoka kwa ubavu wa nyumba, tumegeuza nyuso vile vile. Tulipofika barabarani, tukiwa tunasubiri toyo, harufu ya maharage yanayoungua ikatufikia. Ikazidi. Tukasimama pale muda mrefu, na kule nyuma hakuna aliyenyanyuka kwenda kuyaepua.